Boksi la dawa kama kitabu cha Kiingereza

Somo la aina za maneno huwachosha wanafunzi wengi. Nomino, kitenzi, kivumishi, kielezi: mtoto huyakariri, mtihani ukipita yameyeyuka. Nyumbani, hata hivyo, somo hilohilo linaweza kuamua mgonjwa ameze nini.

Chukua maandishi ya vidonge vya parasetamo vya miligramu 500: “Do not exceed 8 tablets in 24 hours.” Mwenye Kiingereza cha kuokoteza anatambua nane, vidonge na saa 24. Akiunganisha hayo matatu anapata amri ya kumeza vidonge vinane kwa siku, wakati sentensi inamkataza mtu mzima kuvuka hapo. Ujumbe wote umebebwa na kitenzi “exceed”, yaani kuzidisha, na katazo “do not” lililokitangulia. Parasetamo ikizidi huharibu ini, na mgonjwa anaweza kukaa siku nzima bila dalili kubwa.

Kinachotukwaza ni mazoea ya lugha yetu. Kiswahili hukunja mambo ndani ya kitenzi: “usizidishe” ni neno moja, lina katazo na anayekatazwa. Kiingereza huyatawanya. Tena maneno yetu hujitambulisha kwa viambishi, ilhali neno la Kiingereza mara nyingi hujulikana kwa mahali lilipokaa tu.

Tazama dawa ya maji ya mtoto: “Shake well before use.” Kitenzi ni “shake”, tikisa; “well” ni kielezi, vizuri; “before” ni kihusishi, kabla ya; na “use” ni nomino, matumizi. Geuza chupa nyingine usome “Use within 7 days”. Sasa “use” imekuwa kitenzi, tena cha amri. Na kutikisa kwenyewe kuna sababu: dawa ya unga iliyochanganywa na maji hutuama chini, hivyo asiyetikisa humpa mtoto dozi nyepesi siku za mwanzo na kali mwishoni.

“Store in a cool, dry place” nayo huwachanganya watoto wanaojua stoo ya nyumbani. Hapa ni kitenzi, hifadhi. Vivumishi viwili vimetangulia nomino, kinyume cha sisi tunaosema mahali pakavu. Bafuni si mahali hapo, ingawa wengi huweka dawa huko.

Mzazi aanze na swali moja: tunaambiwa tufanye nini? Jibu ndilo kitenzi. Kisha atafute kama kuna “not” karibu yake. (Atumie boksi tupu, si lenye vidonge.) Mtego wa kumpa kijana wa kidato cha kwanza ni “For external use only”. Atatafuta kitenzi asikipate. Uzito uko kwenye kivumishi “external”, cha nje, na neno “only”, tu: dawa hiyo ni ya kupaka, hainywewi.

Bahasha ya duka la dawa huandikwa 1x3 na kuishia hapo. Kidonge kimoja mara tatu kwa siku, sawa, lakini hakuna kihusishi cha kusema ni kabla au baada ya chakula, wala idadi ya siku. Hayo aulizwe mfamasia palepale dirishani, kabla ya kuondoka.