Nesi, Kabla Hujasaini Mkataba wa Doha



Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja, nesi wa Tanga, alinipigia simu hapa Al Wukair. Amepata mkataba wa hospitali binafsi. "Dada, nisaini?" Nikamuuliza, wadi gani? Hajui. Wagonjwa wangapi kwa zamu? Hajui. Mshahara ndio anaujua mpaka senti ya mwisho.

Simcheki, maana nami nilikuja hivyo hivyo. Kwetu tunasomea uuguzi na ukunga pamoja, na mimi nilikuwa nikizalisha karibu kila zamu. Huku ni leseni mbili tofauti, na mimi niliombewa ya uuguzi tu. Hospitali yangu ya kwanza ikaniweka kliniki ya wagonjwa wa nje: kupima presha na uzito, kutwa nzima, miaka 2. Mshahara uliingia kwa wakati, watoto wa kaka yangu wakasoma. Lakini nikifika kazini natazama saa, na wagonjwa kwangu wakawa namba tu. Nilidhani ni ukiwa wa ugenini.

Kumbe ulikuwa uchovu wa kazini. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kwamba huo si ugonjwa, bali ni hali inayoletwa na msongo wa kazi wa muda mrefu usioshughulikiwa. Mtu huishiwa nguvu, huichukia kazi yake, na huona hafanyi lolote la maana. Ila ndugu zangu, kama huzuni inakufuata hata siku za mapumziko, hulali wala huli, usijipe jibu mwenyewe. Muone daktari.

Idadi ya wagonjwa nayo si jambo dogo. Linda Aiken na wenzake walichunguza hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2002: kila mgonjwa mmoja anayeongezeka kwa nesi, uwezekano wa uchovu huo hupanda kwa asilimia 23, na wa kutoridhika na kazi kwa asilimia 15.

Kwa hiyo uliza kwa maandishi: wadi, idadi ya wagonjwa, zamu za usiku, na leseni unayoombewa. Saa za kawaida za kazi katika sekta binafsi hapa hazizidi 48 kwa wiki.

Na wewe uliyekwisha kufika, tangu 2020 huhitaji ruhusa ya mwajiri kuhamia kwingine. Unatoa notisi ya mwezi 1, au miezi 2 kama umezidisha miaka 2 hapo. Leseni nayo lazima ihamishwe, usisahau.

Mimi nilihama mwaka 2021, kwa mshahara mdogo zaidi, kwenda wadi ya waliojifungua. Kuzalisha bado siruhusiwi, na jambo hilo linaniuma. Lakini nafundisha kina mama kunyonyesha, na saa siitazami tena.

Mdogo wangu ameshatuma maswali yake. Bado hajajibiwa, na bado hajasaini.

Ni mimi dada yenu, Al Wukair.