Boti Kuukuu ya Alumini: Namna ya Kuirudisha Majini Kuvua

Boti ya kuvulia ya alumini hufa polepole sana, na bati lake ndilo la mwisho kufa. Katika majimbo ya Marekani yenye maziwa mengi, kama Minnesota, Wisconsin na Michigan, na ng'ambo ya mpaka nchini Kanada, boti za futi 14 zilizoundwa miaka 50 au 60 iliyopita bado zinaonekana nyuma ya nyumba za watu. Zimelazwa kifudifudi juu ya magogo mawili, rangi imebanduka, majani yameota mpaka ubavuni. Wenyewe huziuza kwa bei ya kutupa wakiamini zimekwisha. Mara nyingi kilichokwisha ni vitu vilivyofungwa kwenye bati hilo: ubao uliooza, povu lililolowa, skrubu za metali nyingine. Kuifufua boti ni kuvitoa vitu hivyo kimoja kimoja, kisha kuhakikisha havirudi tena kwa mlango wa nyuma.

Alumini ni metali ileile ya sufuria ya jikoni. Sufuria ikisuguliwa kwa mchanga au steelwire hung'aa, na baada ya muda hufifia. Kule kufifia ni ngozi nyembamba ya oksidi inayojitanda mara tu hewa inapoigusa metali tupu. Kutu ya chuma hubanduka na kufunua chuma kipya kiliwe tena, lakini ngozi ya alumini hung'ang'ania na kuikinga metali iliyo chini yake. Zaidi ya hapo, alumini ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma cha ukubwa uleule. Boti tupu ya futi 14 huwa na kilo 100 hivi, na watu wazima wachache huinyanyua bila winchi. Bati la boti halikuundwa kwa alumini tupu, bali kwa aloi. Inayotumika sana ni ile inayoitwa 5052, yenye magnesi karibu asilimia 2.5, ambayo huipa nguvu na kuifanya ivumilie maji.

Umbo la boti hizi lina historia yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili viwanda vya ndege vya Marekani vilijaa mashine za kukunja bati la alumini na mafundi waliozoea kulipiga ribiti. Mwaka 1944 William Hoffman, mmoja wa wakuu wa kampuni ya ndege ya Grumman, alichoka kubeba mtumbwi mzito wa mbao katika nchi ya milima na maziwa ya Adirondack, jimbo la New York. Aliporudi kazini alipendekeza uundwe wa alumini, na mwaka 1945 kampuni ikaanza kuuza mitumbwi hiyo. Mwaka 1948, katika mji mdogo wa New York Mills, Minnesota, Howard Lund naye akaanza biashara ya boti ambayo jina lake bado limo sokoni. Kwa hiyo boti kuukuu ya aina hii ni ndugu wa bawa la ndege: mabati membamba yaliyopandanishwa kingo, yakashonwa kwa mamia ya ribiti juu ya mkuku na mataruma.

Anayetaka kununua aanze na karatasi. Boti zilizoundwa Marekani tangu mwishoni mwa mwaka 1972 hubeba namba ya bodi yenye tarakimu na herufi 12, iliyogongwa upande wa tezi. Namba hiyo ilingane na hati ya muuzaji, maana boti isiyo na hati huweza kukaa uani milele kwa kukosa usajili. Baada ya hapo inatazamwa kutoka omo, jicho likifuata mstari wa kingo hadi tezi, ili ijulikane kama imejipinda. Bonde lililoingia ubavuni si msiba, kwani hutolewa kwa nyundo ya mpira na mfuko wa mchanga. Mkuku uliokunjika au ufa mrefu karibu na tezi ni jambo jingine, na busara ni kuiacha.

Kipimo cha kuvuja hufanywa kinyume na mtu anavyotazamia: maji hutiwa ndani ya boti badala ya boti kutiwa ndani ya maji. Boti huwekwa juu ya trela au magogo mahali pakavu, chini yake paonekane vizuri, kisha mpira wa bustani hufunguliwa hadi maji yafike kina cha vidole vinne au vitano. Kuzidisha ni hatari. Maji ya kina cha sentimeta 10 katika sakafu ya mita 3 kwa mita 1 ni lita 300, yaani kilo 300, na bati lisiloegemezwa vizuri hujikunja. Baada ya dakika chache machozi huanza. Ribiti moja hutoa tone na kunyamaza, nyingine hutiririka, na maungio ya kingo hulowa kama shati la mvuja jasho. Kila mahali panapolia huzungushiwa alama kwa kalamu ya wino usiofutika kabla maji hayajamwagwa. Asiyeweka alama hatayaona matundu hayo tena bati likishakauka.

Ribiti iliyolegea si lazima ing'olewe. Watu wawili huikaza. Mmoja hukaa ndani akiwa ameshikilia kipande kizito cha chuma kwenye mkia wa ribiti, mwingine hukaa nje akigonga kichwa kwa nyundo, mapigo mafupi matatu au manne, si zaidi. Sauti ndiyo kipimo, kwa sababu ribiti iliyolegea hulia kwa kukwaruza, na iliyokaza hutoa mlio mmoja mkavu. Ile ambayo tundu lake limepanuka hutobolewa kwa drili na kuwekwa nyingine ya alumini, nene kidogo, iliyopakwa gundi ya kuzibia ya kazi za majini. Ribiti za kupachikwa kwa bunduki ya mkono zinafaa pale mkono wa pili usipoweza kufika nyuma, mradi ziwe zile zenye mkia uliozibwa, zisizo na kijiti cha chuma kitakachobaki ndani. Fundi wa jahazi wa Lamu au Zanzibar huziba nyufa kwa pamba na mafuta, akitegemea mbao zivimbe majini zibane. Bati halivimbi, na hapo ndipo wengi wanapokosea kwa kumimina silikoni ya bafuni. Silikoni hiyo hubanduka, tena huacha utando unaokataa rangi na gundi nyingine zote. Epoksi nyepesi ya majini, ikipakwa kwa ndani juu ya maungio yaliyosafishwa, hushika miaka mingi.

Ufa hutobolewa tundu dogo kila ncha ili usiendelee kukimbia, kisha hufunikwa kwa kiraka cha alumini kilichopigwa ribiti juu ya gundi. Kuchomelea kunavutia, lakini bati jembamba la zamani hutoboka upesi, na moto ukikaribia povu hutoa moshi wa sumu. Kazi hiyo ni ya mchomeleaji aliyezoea alumini, baada ya povu na mbao kuondolewa.

Ugonjwa mkubwa kuliko yote uko kwenye tezi, mahali injini ya kupachika inapofungwa. Ndani ya ukuta ule wa alumini mna ubao wa plaiwudi, kwa kawaida unene wa milimeta 38 hivi, na ndio unaobeba uzito na msukumo wote wa injini. Maji huingia kupitia matundu ya bolti, na plaiwudi huoza gizani miaka mingi bila mtu kujua. Kuupima ni rahisi: injini hushikwa na kusukumwa juu na chini, na ukuta ukipumua, ubao umekwisha.

Ubao wa zamani hutolewa vipandevipande, na vipande hivyo ndivyo kielelezo cha kukata mpya. Plaiwudi ya kazi za majini hukatwa, tabaka mbili huunganishwa kwa epoksi, halafu ubao mzima hupakwa epoksi mara tatu, kingo zikipewa nyingi kuliko nyuso kwa kuwa ndizo zinazonywa. Kuna hatua moja ambayo mwenye haraka huiruka. Tundu la bolti hutobolewa kubwa kuliko bolti, hujazwa epoksi, huachwa ligande, kisha hutobolewa upya kwa kipimo chenyewe. Hivyo bolti hupita katikati ya epoksi bila kuugusa mti. Mbao zilizotiwa dawa za kuzuia mchwa zisitumike kabisa. Tangu mwaka 2004 mbao nyingi za namna hiyo zinazouzwa Marekani kwa ujenzi wa nyumba zina shaba kwa wingi, na shaba ikilowa huila alumini.

Habari hiyo ya shaba inahitaji kuelezwa. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji huwa kama betri. Umeme mdogo hupita, na metali iliyo dhaifu huyeyuka taratibu. Mbele ya shaba, risasi na hata chuma kisichoshika kutu, alumini ndiyo dhaifu. Mabaharia husema tezi na omo marejeo ni ngamani, na ndani ya boti ya mvuvi msemo huo ni kweli tupu, kwa kuwa kila kinachodondoka huishia ngamani, kwenye maji machafu ya chini. Chubwi la risasi au senti ya Marekani ya kabla ya mwaka 1982, ambayo ni shaba asilimia 95, ikilala humo msimu mzima huweza kuacha kidonda kwenye bati, hata kulitoboa. Kwa sababu hiyo ngama husafishwa kwa mkono. Skrubu za chuma kisichoshika kutu hupakwa gundi au kuwekewa washa za plastiki, na rangi za chini zenye shaba, zinazofaa boti za mbao, haziguswi. Katika maji ya chumvi madhara haya huenda mbio zaidi kuliko ziwani.

Mabenchi yana siri mbili. Kwanza, ndani yake mna povu linaloifanya boti isizame hata ikijaa maji. Lita moja ya povu kavu hubeba karibu kilo moja. Povu la zamani likinywa maji, boti huongezeka makumi ya kilo na usalama wenyewe hupungua. Hutolewa lote, na kiasi kilekile cha povu jipya lisilonywa maji hurudishwa. Povu jeupe la kufungashia runinga huyeyuka likiguswa na petroli, basi si la kuaminiwa peke yake karibu na tangi. Pili, benchi la katikati ndilo linaloshikilia mbavu za boti zisitanuke. Kulikata ili kupata uwanja mpana wa kusimama na kurusha ndoano ni kosa linalofanywa na wengi kuliko yote, na boti iliyokatwa hivyo hulegea na kuanza kulia ribiti moja baada ya nyingine.

Jukwaa la kusimamia si dhambi, lakini hutoza gharama yake mahali fulani. Kila kilo ya plaiwudi na zulia hupunguza kilo ya mtu, na mtu aliyesimama juu zaidi huipindua boti kwa urahisi zaidi. Boti za chini ya futi 20 zilizoundwa Marekani tangu mwishoni mwa 1972 zina kibao kinachotaja idadi ya watu, uzito na nguvu ya injini. Isiyo na kibao hukadiriwa kwa kuzidisha urefu na upana kwa futi, kisha kugawa kwa 15. Boti ya futi 14 kwa 5 ni watu 4, basi.

Rangi huja mwishoni. Ya zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na praima ya manjano-kijani ya miaka ile ina kromati yenye sumu, hivyo msasa wa majimaji na barakoa ni lazima. Magadi makali ya kutolea rangi huila alumini, na brashi ya chuma cha kawaida huacha chembe zitakazotoa kutu. Praima ya kung'ata metali hupakwa siku ileile bati liliposafishwa, kabla ngozi ya oksidi haijawa nene tena. Ndani, rangi ya kijivu hafifu hupendwa na wavuvi kwa kuwa haichomi macho wala miguu. Nyaya za taa na za kifaa cha kutafutia samaki huwa na fyuzi karibu na betri, na waya wa hasi hurudi kwenye betri yenyewe. Bodi ya boti isitumiwe kamwe kama njia ya umeme.

Safari ya kwanza ni ya ufukweni, siku isiyo na upepo, kila mtu amevaa jaketi la kuokolea, na kopo la kukumbia maji lipo miguuni. Baada ya nusu saa sakafu hukaguliwa kwa kiganja. Kizibo cha tezi hufunguliwa kila boti inapotoka majini. Huko kaskazini, maji ya mvua yakibaki ndani hadi majira ya baridi huganda, hutanuka kwa karibu asilimia 9, na kufumua ribiti zilezile zilizokazwa kwa taabu. Boti ilazwe kifudifudi, kizibo kikiwa wazi.