Kwa Nini Jembe Huwa Jepesi Penye Wimbo

Usukumani, kulima kwa pamoja ni kazi yenye muziki wake. Majirani hukusanyika shambani kwa mmoja wao, ngoma hushika mapigo, kiongozi huanzisha wimbo, wengine huitikia, na majembe hupanda na kushuka kwa wakati mmoja. Huko ndiko ilikotoka bugobogobo, ngoma ya jembe ambayo siku hizi huonekana zaidi jukwaani kuliko shambani. Mtafiti Frank Gunderson alizikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma kwa mamia katika kitabu kilichotoka mwaka 2010.

Je, wimbo hupunguza uchovu kweli, au humsahaulisha tu mkulima?

Mwaka huohuo wa 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walichapisha jaribio lililowahusu wapiga makasia 12. Vijana hao walifanya mazoezi kwenye mashine, mara kila mtu peke yake, mara wote pamoja kwa mapigo mamoja. Baadaye walifungwa mkononi mkanda kama ule wa kupimia presha, ukajazwa upepo mpaka maumivu yaanze. Nguvu waliyoitumia ilikuwa ileile, lakini walipopiga makasia pamoja, mwili ulistahimili mbano mkubwa zaidi.

Maelezo ya watafiti ni kwamba ubongo hutengeneza endofini, kemikali inayotuliza maumivu na kuleta raha. Ni vigumu kuipima moja kwa moja ndani ya ubongo wa mtu aliye hai, ndiyo maana wanasayansi hupima uvumilivu wa maumivu badala yake. Kazi ngumu huiamsha kemikali hiyo, na kazi ngumu inayofanywa kwa mwendo mmoja na wenzako huiamsha zaidi.

Mwaka 2013, Thomas Fritz na wenzake huko Leipzig, Ujerumani, walipiga hatua nyingine. Waliunda mashine za mazoezi ambazo kila msukumo wa mwili ulitoa sauti ya muziki. Watu waliozitumia waliona kazi kuwa nyepesi zaidi walipoutengeneza muziki wenyewe kuliko walipousikiliza tu. Kwa hiyo redio iliyotundikwa mtini na wimbo unaotoka kifuani mwa mlimaji si kitu kimoja.

Faida hiyo haihitaji jembe. Mwaka 2016, kundi la watafiti akiwamo mwanasaikolojia Robin Dunbar liliwapima wanakwaya wa London, katika kwaya inayompokea yeyote bila kumjaribu sauti. Baada ya mazoezi ya dakika 90, uvumilivu wa maumivu uliongezeka na watu walijiona karibu zaidi na wenzao. Matawi madogo ya kwaya hiyo yalipokutanishwa kuwa kundi moja la watu 232, wengi wao wakiwa hawafahamiani, ukaribu uliongezeka kuliko ndani ya tawi dogo ambamo watu walikuwa wamekwisha kuzoeana.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2015, uliwafuata kwa miezi saba watu wazima wa Uingereza waliojiunga na madarasa mapya: wengine ya kuimba, wengine ya kazi za mikono, wengine ya uandishi. Mwisho wa miezi hiyo, makundi yote yalikuwa yamejenga urafiki wa kiwango sawa. Tofauti ilikuwa mwanzoni: waimbaji walizoeana haraka zaidi. Kuimba, basi, hakuleti urafiki mkubwa kuliko njia nyingine. Kunafupisha tu muda wa watu kubaki wageni.

Hapo ndipo Bariadi inapohusika. Tangu Mkoa wa Simiyu uanzishwe mwaka 2012 na mji huu kuwa makao makuu yake, walimu, wauguzi, watumishi wa ofisi na wafanyabiashara kutoka mikoa mingine wanaishi jirani na wenyeji Wanyantuzu, ambao ni Wasukuma. Kwaya hazikosekani, lakini nyingi ni za makanisa, na mlango wake ni dhehebu. Kwaya ya mtaa, inayowachanganya Mkristo, Mwislamu na anayeshika mila, mkulima wa pamba na karani, ingefanya kazi ambayo vikao vingi vya kujitambulisha havifanyi.

Gharama yake ni ndogo: kivuli, ngoma moja na mtu wa kuanzisha wimbo. Sharti ni moja tu, nalo ni kutomchuja mtu kwa sauti yake, kwa sababu vipimo vya London havikuchagua wenye sauti nzuri. Viongozi wa mitaa, vyama vya msingi vya wakulima na vikundi vya kuweka na kukopa, anzeni kikao kijacho kwa wimbo ambao kila mtu anaweza kuuitikia, ndipo msome ajenda.