Jurnali ya Staji si Ripoti, wala si Ushuhuda



Katika makanisa yetu tuna vijana wengi walio katika masomo ya juu. Wengine wanasoma uuguzi ISTM, wengine ualimu ISP, wengine afya ya jamii au maendeleo ya vijijini. Vyuo vya nchi yetu viliingia katika mfumo wa LMD katika mwaka wa masomo 2021-2022, na katika mfumo huo kazi ambayo mwanafunzi anaifanya peke yake inahesabiwa. Kati ya kazi za namna hiyo, moja inawasumbua wengi. Ni jurnali ya staji, lile daftari ambamo mwanafunzi anaandika mambo aliyoyafanya kazini na yale aliyojifunza kwayo.

Kijana anajaza kurasa 30. Mwalimu anamrudishia na maneno mawili tu: “Hakuna tafakari.” Kijana anashangaa, na mzazi aliyelipa masomo anashangaa zaidi: si ameandika yote? Basi leo tuangalie jurnali hii ni kitu gani na inaandikwa namna gani. Msiseme ni jambo la wanafunzi tu. Huyu anayeandika leo ndiye atakayekuwekea serumu kesho, au atakayemfundisha mtoto wako kusoma.

1. Jurnali si ripoti

Ripoti inajibu swali moja: umefanya nini? Mwanafunzi anaandika: “Jumatatu. Nilipima joto la wagonjwa 12, nilifunga vidonda 3, nilisaidia kugawa dawa. Kazi ilienda vema.” Jumanne anaandika vilevile, akibadilisha hesabu tu. Mwisho wa staji siku zote zinafanana kama matofali ya tanuru moja.

Ripoti ni ya lazima, kwa maana chuo kinataka kujua kama mwanafunzi alifika kazini. Lakini haionyeshi kama alijifunza. Mtu anaweza kufunga vidonda 100 akirudia kosa lile lile mara 100. Jurnali haitaki mambo yote ya siku. Inachukua jambo moja, lile lililokushitua, lililokuchanganya au lililokufurahisha, na kukaa nalo mpaka limekufundisha kitu.

2. Jurnali si ushuhuda

Hapa sisi waamini tuna hatari yetu wenyewe. Tumezoea ushuhuda. Ushuhuda unaanza katika taabu na kuishia katika ushindi, na hivyo ndivyo inavyofaa, maana kazi yake ni kushukuru na kuwatia moyo wanaosikiliza. Lakini kijana aliyekulia kanisani anachukua umbo hilo na kulipeleka katika jurnali: “Mgonjwa alikuwa katika hali mbaya sana, lakini kwa neema ya Mungu akapona.” Anafunga daftari.

Ameshukuru, na amefanya vema. Hakuna anayemkataza. Lakini mwalimu wake anauliza maswali mengine: Ni nani aliyeona kwanza kwamba hali imebadilika? Aliona dalili gani? Mikono ilifanya nini, na kwa utaratibu gani? Kama yule aliyeona dalili hakuwepo siku ile, wewe ungeijua?

Kinyume chake kipo pia. Jambo likiharibika, mwingine anaandika kwamba adui alipinga kazi. Lakini kama hakuna mtu aliyerudi kumwangalia mgonjwa kwa muda wa saa 2, hilo linapaswa kuandikwa kwanza. Ushuhuda unashukuru, jurnali inatafuta kujua. Kila kimoja kina pahali pake. Tukiacha shukrani ifunge swali kabla halijajibiwa, hatari ile ile itarudi, nasi tutaikuta bila elimu mpya.

3. Maswali matatu na hatua sita

Desturi hii haikuanza jana. John Dewey wa Marekani aliandika juu ya kufikiri kwa utaratibu katika kitabu cha mwaka 1910, nao walimu wengi walimfuata. Mwaka 1983 Donald Schön, wa Marekani pia, alionyesha kwamba mfanyakazi mwenye ujuzi anafikiri mara mbili: anafikiri mikono ikiwa kazini, tena anafikiri kazi ikiisha kupita. Jurnali ni chombo cha kufikiri huku kwa pili.

Njia iliyo fupi ni ile ya maswali matatu, ambayo mwalimu Terry Borton aliitoa katika kitabu cha mwaka 1970: Kumetokea nini? Maana yake ni nini? Sasa nifanye nini? Mwanafunzi anayeanza anaweza kushika hayo matatu tu, yakamtosha.

Njia inayotumiwa sana katika masomo ya uuguzi ni ile ya Graham Gibbs wa Uingereza, ya mwaka 1988. Ina hatua sita: kueleza jambo lililotokea, kusema ulivyojisikia, kupima yaliyokwenda vema na yaliyokwenda vibaya, kutafuta sababu, kutoa hitimisho, na kupanga utakavyofanya safari nyingine. Wengi wanakosea kipimo. Wanaandika kurasa mbili kueleza jambo, na mistari miwili kutafuta sababu. Ingekuwa heri kugeuza: jambo lielezwe kwa kifupi, sababu itafutwe kwa urefu.

4. Mfano

Tuchukue mfano tuliotunga kwa ajili ya somo hili. Mwanafunzi wa uuguzi ameambiwa aweke serumu ya litre 1 kwa mzee mmoja, iishe kwa saa 8. Kwa mpira unaotoa matone 20 kwa kila mililitre, hesabu inampa matone 42 hivi kwa dakika. Jurnali yake ingeweza kusoma hivi:

“Jambo. Saa nne asubuhi niliweka serumu na kuhesabu matone 42 kwa dakika. Nilirudi saa sita. Nusu ya serumu ilikuwa imekwisha, wakati ilipaswa kuisha robo tu.

Nilivyojisikia. Niliogopa. Wazo langu la kwanza lilikuwa kupunguza matone na kunyamaza.

Kupima. Jambo jema: nilimwita mkubwa wa huduma mara moja, akampima mgonjwa na kusikiliza pumzi yake. Jambo baya: nilikaa saa 2 bila kurudi.

Sababu. Nilipohesabu, mkono wa mzee ulikuwa umekunjwa. Baadaye aliunyoosha, na njia ikafunguka. Mimi nilidhani hesabu moja inatosha, kama vile mtu anayefunga saa ukutani na kuondoka. Tena sikumwambia mlinzi wa mgonjwa asiguse kile kigurudumu cha kupunguza matone, na sikumweleza aniite lini. Kwa mzee, maji mengi yakiingia kwa haraka moyo unaweza kushindwa na mapafu yakajaa.

Hitimisho. Kuhesabu matone mara moja ni kuanza kazi. Kuangalia serumu ni kurudi.

Mpango. Nitahesabu tena kisha dakika 15, halafu kila saa. Nitabandika kipande cha sparadra kwenye chupa na kuandika alama za saa, mililitre 125 kwa kila saa, ili hata mwenzangu anayepita aone kama serumu inakwenda mbio.”

Munaona tofauti? Hakuna maneno makubwa hapa. Hakuna kujipiga kifua wala kujilaani. Lakini mtu aliyeandika hivi, mgonjwa wake wa kesho ana ulinzi ambao mgonjwa wa leo hakuwa nao. Kama angeandika “kazi ilienda vema,” ulinzi huo usingekuwepo.

Ndivyo ilivyo kwa mwalimu pia. Asiandike tu kwamba watoto hawakuelewa hesabu za sehemu. Aandike alitumia mfano gani, watoto walijibu nini hasa, walipotea katika hatua ipi, na kesho ataanzia wapi.

5. Mambo ya kuangalia

Andika siku ile ile. Dakika 20 za jioni zinatosha. Jurnali ya majuma manne iliyoandikwa usiku mmoja kabla ya kuitoa inajulikana upesi: biki ni moja, mwandiko ni mmoja, na hakuna saa wala neno la mgonjwa linalokumbukwa sawasawa.

Anza katika lugha unayofikiria. Chuo kitataka Kifaransa, na sharti umpe. Lakini kijana anayetafuta Kifaransa kizuri kabla ya kutafuta ukweli, mara nyingi anapata maneno mazuri yasiyo na kitu ndani. Andika kwanza kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani, kisha ugeuze.

Usitaje jina la mgonjwa. Usiandike kijiji chake, wala kazi yake, wala jambo lolote litakalomfanya msomaji amtambue. Andika “mzee mmoja,” “mama mmoja mwenye mimba.” Siri ya kazi inamfunga mwanafunzi kama inavyomfunga daktari, na sheria ya nchi yetu inamwadhibu anayeitoa. Usipeleke habari hiyo hata katika kikundi cha maombi kwa kisingizio cha kumwombea mtu.

Usiweke kosa la hatari katika jurnali tu. Dawa ikitolewa vibaya, mwambie mkubwa wa huduma saa ile ile, maana mgonjwa hawezi kungoja mwalimu asome daftari kisha miezi miwili. Jurnali inakuja nyuma, kwa kufikiri.

Usinakili jurnali ya mwenzako. Wanafunzi watano hawawezi kushituka kwa jambo moja, saa moja, kwa maneno yale yale. Anayenakili anadanganya chuo mara moja, lakini anajiibia mwenyewe kila siku ya staji.

6. Kwa wazazi, wachungaji na wasimamizi

Mzazi, jurnali ya mtoto si barua yako. Usiifungue ili kutafuta makosa yake. Kama anataka kukusomea, sikiliza bila kumkemea. Akikemewa kwa sababu ya ukurasa mmoja wa kweli, kurasa zitakazofuata zitakuwa za uongo.

Mchungaji, kijana akija na moyo mzito kwa ajili ya jambo lililotokea kazini, omba pamoja naye, kisha umuulize: “Umeandika? Utafanya nini safari nyingine?” Maswali hayo mawili hayapunguzi maombi.

Nanyi wasimamizi wa staji mulio kati yetu, mutofautishe ukweli na uzembe. Mwanafunzi akiandika kosa, akaonyesha sababu yake na njia ya kulizuia, huyo amefanya kazi muliyomwomba. Mukimkatia alama kwa sababu alisema kweli, darasa lote litajifunza kwamba kuficha ndiyo njia ya kufaulu. Watabeba fundisho hilo mpaka ndani ya vyumba vya wagonjwa, na huko atakayelipa ni mtu mwingine, aliyelala kitandani, ambaye hajui hata kama kulikuwa na jurnali.

Kijana unayesoma karatasi hii, usingoje staji iishe. Jioni ya leo chukua daftari, chagua jambo moja tu la siku, ujibu maswali matatu: Kumetokea nini? Maana yake ni nini? Kesho nifanye nini? Na kesho ulifanye.

Bwana awabariki.