Land Rover ya Marehemu Chini ya Mwembe

Mambo ya mirathi katika kurasa hizi huzungumzwa kwa mifano ya nyumba za mawe, viwanja na minazi. Juma hili twaomba ruhusa tuzungumze juu ya gari bovu. Sisi tuandikao ni ndugu watatu, wanaume wawili na dada yetu, na gari lenyewe ni Land Rover aliyoiacha marehemu baba yetu huko Migori, mbali na bahari kwa safari ya usiku na mchana.

Marehemu alikuwa mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Katika ujana wake alikwenda bara kutafuta riziki, kama walivyokwenda wengi wa rika lake, akafungua duka la nguo na vyombo Homa Bay, si mbali na gati ya ziwa. Siku hizo Migori na Homa Bay zote zilikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini. Mama yetu mzazi alipofariki, baba alioa huko huko mwanamke wa Kijaluo, Mwislamu wa Kendu Bay, mji wenye Waislamu wa tangu zamani. Huyo ndiye tunayemwita Mama Mdogo. Biashara ilipopungua walihamia Migori, na huko baba akafa.

Hiyo ni miaka tisa iliyopita. Nyumba ya Mombasa tuliigawa katika mwaka ule ule. Fungu la Mama Mdogo na la binti yake, aliyekuwa na umri wa miaka minane, tulilituma kwa simu. Tukajiona tumemaliza. Gari hatukulihesabu, kwa kuwa lilikuwa halitembei, na kwa kusema kweli hatukwenda kulitazama wala kuwatazama walio nalo.

Mwezi wa Aprili uliopita tulipanda basi kwenda Migori kwa nia moja tu: kuliuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Tulilikuta chini ya mwembe, magurudumu yamezama udongoni hadi kwenye rimu. Kuku walikuwa wametaga nyuma ya kiti cha dereva na nyigu wamejenga ndani ya taa. Mama Mdogo alitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Baada ya chakula tulimweleza shauri letu. Hakupinga. Alisema, «Wanunuzi wamekuja mara nne, wanangu. Nimewarudisha. Hili si langu peke yangu, ni mali ya watu wengi na mmoja wao ni mtoto. Kama nanyi mwataka liuzwe, semeni nyinyi.»

Kisha akaingia ndani akatoka na kitambaa kilichofungwa. Ndani yake mlikuwa na ufunguo wa gari na daftari la shule la kurasa 96. Marehemu aliandika humo kila alichokifanyia gari lile: siku aliyobadili oili, siku aliyonunua tairi, nani alitengeneza nini na kwa shilingi ngapi. Ukurasa wa mwisho wenye mwandiko wake ulikuwa na mstari mmoja uliotunyamazisha. Uliandikwa jina la fundi mmoja wa pale mjini, kazi ya gia, na mbele yake: «Baki 14,600.»

Msomaji ajua mpango ulivyo. Mali ya maiti hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiopita theluthi, na ndipo warithi wapewe. Sisi tulikwisha kula nyumba ilhali deni la baba limekaa ndani ya kitambaa miaka tisa. Siku ile hatukulala vizuri.

Asubuhi tulimwendea fundi. Ni mzee mwenye ovaroli iliyokwisha rangi, afanyaye kazi chini ya mabati manne. Tulimwamkia, tukamwuliza, «Mzee, yaonekana marehemu alikuwa na deni kwako?» Akajibu, «Alikuwa nalo.» «Mbona hukudai?» Akacheka kidogo. «Nimdai nani, mjane? Nilingoja nyinyi jo-Mombasa mje. Nilijua gari lipo, na wenye gari watakuja.» Tukamhesabia fedha zake mkononi. Alipomaliza kuzihesabu, yeye ndiye aliyesema kwamba gari lile si la kuuzwa kwa kilo.

Basi alikuja na nyundo ndogo na tochi, akalala chini ya gari karibu saa nzima, akigonga fremu kipande kwa kipande. Palipolia vizuri alipita. Palipotoa sauti ya kopo la karatasi alitia alama ya chaki. Huku akigonga alitufundisha. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Vita Vikuu vilikuwa vimekwisha karibuni, chuma kilikuwa adimu Uingereza, na kampuni ya Rover ikatengeneza bodi kwa aluminiamu. Kwa hiyo gari la miaka arobaini laweza kuonekana zima kwa juu na huku chini linaoza, kwa sababu fremu ibebayo kila kitu ni chuma kitupu kilicho wazi ndani. Na pale aluminiamu na chuma vinapogusana penye unyevu, aluminiamu huliwa na kugeuka unga mweupe kama chokaa. Unga huo tuliuona chini ya milango yote.

Hapa tulikuwa na fikira moja ya kipwani ambayo fundi aliivunja. Sisi twajua magari yanavyoliwa na chumvi ya bahari, tukadhani la Migori, kwa kukaa mbali na chumvi, litakuwa limesalimika. Alitutolea kwa bisibisi donge la udongo mweusi lililokuwa limekwama juu ya fremu tangu baba alipokuwa akienda Ndhiwa na bonde la Lambwe wakati wa mvua. Udongo ule hunasa kama gundi na haukauki upesi. Fremu ilikuwa imevaa kitambaa kibichi kwa miaka yote hiyo. Boriti ya nyuma na mikono miwili ya kubebea bodi vilikuwa vimekwisha, lakini fremu kubwa katikati ilikuwa ngumu. Hapo ndipo uamuzi ulipotegemea; lau fremu ya katikati ingekuwa imeoza, yeye mwenyewe angetushauri tuuze.

Kabla ya spana kugusa kitu, shekhe mmoja wa Mombasa tuliyempigia simu alitutaka gari lithaminiwe kama lilivyo, mbele ya mashahidi, na iandikwe, ili gharama zetu zisije zikachanganyika na haki ya mtoto. Tukafanya hivyo.

Gari ni la toleo la tatu, lile lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, refu, la injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286. Marehemu alilinunua katika mnada wa magari ya serikali. Ndugu yetu mmoja, kwa haraka zake, alikwisha leta betri mpya akitaka kuliwasha siku hiyo hiyo. Fundi aliiweka betri ile kando. Injini iliyolala miaka tisa, alisema, pete za pistoni zimeshikana na silinda, na ukiilazimisha kwa stata utavunja kilicho kizima. Alifungua plagi nne, akamimina ndani ya kila silinda dizeli iliyochanganywa na oili, akafunika kwa kitambaa, akaenda zake. Siku ya pili alitia mpini wa kuzungushia kwa mkono, ule upitao chini ya rejeta, akausukuma kwa upole. Haukwenda. Siku ya tatu haukwenda. Siku ya nne, baada ya Alasiri, ulisogea kiasi cha upana wa vidole viwili, na binti wa Mama Mdogo, ambaye sasa ana miaka kumi na saba, akapiga kigelegele kilichowaleta majirani.

Mengine tutayapita upesi. Petroli ya zamani ilitoka kwenye tangi nzito na yenye harufu ya rangi, ikabidi tangi lishushwe na kabureta ifunguliwe yote. Waya zilikuwa zimetafunwa na panya. Oili ya difu ya nyuma ilitoka kama chai ya maziwa, dalili ya maji kuingia. Tairi zilikuwa na meno mazuri na tulitaka kuzibakiza; fundi alizikunja ubavuni, zikafunua nyufa, akasema meno ya tairi husema uongo. Gasketi na beringi zilitoka Nairobi, barabara ya Kirinyaga ambayo mafundi hata leo huiita Grogan, zikaletwa kwa basi kama vifurushi. Mchomeleaji wa Rongo ndiye aliyetengeneza boriti mpya ya nyuma, na kazi yake ni safi.

Penye breki hatuna budi kukaa kidogo, kwa kuwa kosa ni letu. Breki za gari hili ni za ngoma kwa magurudumu yote manne, na ndani ya silinda zake mna mipira midogo izuiayo oili isivuje. Fundi alituandikia mipira ya kununua. Tulikuta dukani mipira mingine ya nusu bei, nasi fedha zilikuwa zimepungua, tukanunua hiyo bila kumwambia. Jaribio la kwanza refu tulipita Awendo, kati ya matrekta ya miwa, tukafika Rongo, tukashika njia ya Rodi Kopany. Kila kitu kilikwenda sawa. Katika mteremko wa kuelekea Homa Bay, ziwa limekwisha onekana, fundi alikanyaga breki na pedali ikashuka hadi sakafuni. Mbele yetu mwanamke alikuwa akivuka na punda wawili wenye madumu ya maji. Binti alikuwa kiti cha mbele.

Fundi hakupiga kelele. Alirudisha gia, ya tatu, kisha ya pili, injini ikaunguruma. Kisha akavuta breki ya mkono polepole. Breki hiyo katika Land Rover za namna hii haishiki magurudumu. Hushika shafti nyuma ya sanduku la gia, na haina uhusiano na oili. Ukiivuta kwa pupa gari likiwa mwendoni waweza kukata ekseli. Gari lilisimama hatua chache kabla ya punda wa pili. Mwanamke yule alitutazama, akaendelea na safari yake.

Tulipofungua ngoma, mipira ilikuwa imevimba na kulainika kama mkate uliolowa. Fundi aliuliza ilinunuliwa wapi, tukamwambia, na pia tukamwambia bei. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, «Shekhe hakuwa hivyo.» Hatujaambiwa neno zito kuliko hilo tangu baba afariki. Mipira ya sawasawa ilinunuliwa siku ya pili, na tangu hapo hatukununua kitu bila yeye kukishika mkononi.

Sasa mirathi. Warithi ni mjane mmoja, wana wawili na mabinti wawili. Mjane hupata thumni, yaani moja ya nane, kwa kuwa marehemu ameacha watoto; kinachobaki hugawanywa mwana mafungu mawili na binti fungu moja. Ukitaka hesabu isiyo na vipande, gawa mafungu 48: mjane 6, kila mwana 14, kila binti 7. Tulipeleka jambo hili Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya 2010, katika ibara ya 170, imepewa mamlaka ya mirathi baina ya Waislamu wanaoridhia, kwa maana kadi ya gari ilikuwa bado kwa jina la marehemu na haihamishwi kwa maneno matupu. Sisi watatu tulio watu wazima tulimpa Mama Mdogo mafungu yetu 35. Yale saba ya binti hayakuguswa. Yeye ni mdogo, na hakuna wa kutoa kilicho chake, hata mama yake. Hivyo gari ni la wawili, 41 na 7, na kila mapato yataandikwa kwa hesabu hiyo.

Gharama za matengenezo hatukuzidai. Msomaji asituhesabie hilo kuwa ukarimu; Mama Mdogo alilinda miaka tisa bila ujira.

Yeye hununua dagaa, omena kama waiitavyo huko, katika fuo za Sori na kuuza Migori. Kila gunia alilipia nauli kwa gari la kukodi, na nauli ndiyo iliyokuwa ikila faida. Uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaane, na fundi alikuwa amejiwekea kwamba gari liwe tayari mashua zitakaporudi majini. Lilikaguliwa na kukatiwa bima wiki ya mwisho ya Julai.

Mwezi wa Agosti tulikwenda naye safari ya kwanza. Aliketi mbele, buibui lake likipepea kwa sababu kioo cha upande wake hakijapatikana. Tulirudi usiku na magunia kumi na mawili, gari zima likinuka ziwa. Mlango wa kushoto bado haufungi mpaka uupige kwa bega, na rejeta inavuja kidogo. Fundi ameahidi kuishughulikia baada ya mavuno ya miwa. Binti alichukua daftari, akapiga mstari chini ya mwandiko wa baba yake, akaandika tarehe, petroli, magunia 12. Mbele ya jina la fundi aliandika: «Hakuna baki.»