Kuchora Mji: Elimu ya Kuchagua na Kuacha

Wazazi wengi wa mwambao wetu hukabiliwa na maswali mawili pindi mtoto anapodhihirisha mapenzi ya kuchora. La kwanza ni la dini: je, yafaa? La pili huzuka baadaye, mtoto anapoketi mbele ya mtaa wa Mji wa Kale, Mombasa, kisha akarudi nyumbani na karatasi iliyojaa mistari isiyoeleweka, akasema hawezi tena. Maswali haya mawili yana jawabu lenye mzizi mmoja, nao ni kujua nini cha kuchukua na nini cha kuacha.

Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kwamba mtu mmoja ambaye riziki yake ilitokana na kutengeneza picha alimwendea Ibn Abbas (r.a.) kutaka fatwa. Baada ya kumfikishia onyo la Mtume (s.a.w.), sahaba huyo alimwelekeza kwamba, ikiwa hana budi na kazi hiyo, basi achore miti na vitu visivyo na roho. Wanazuoni wana maneno marefu juu ya picha za viumbe vyenye roho, na hapa si mahali pake. Ama majengo, miti na bahari, wengi wao hawaoni ubaya. Mji, basi, ni mlango ulio wazi.

Waliotangulia waliuingia mlango huo kwa ustadi. Msikiti wa Umayya wa Damascus, uliojengwa na Khalifa al-Walid baina ya mwaka 705 na 715, ulipambwa kuta zake kwa vipande vidogo vya vioo vya rangi na dhahabu: mito, miti na majumba, bila ya mtu hata mmoja. Karne nyingi baadaye akatokea Matrakçı Nasuh, mtu wa asili ya Bosnia aliyeitumikia dola ya Uthmaniya. Alikuwa mwanahisabati, mwanahistoria na bingwa wa mchezo wa fimbo uitwao matrak, uliompa jina lake. Sultani Suleiman alipoongoza jeshi kuelekea Iraq mwaka 1534, Nasuh aliandika habari za safari hiyo katika kitabu kilichokamilika takriban mwaka 1537, akaichora miji iliyokuwa njiani, kuanzia Istanbul hadi Baghdad. Ndani ya miji yake hamna watu, na hata hivyo kila mji wajulikana.

Aliwezaje? Istanbul ilikuwa na maelfu ya nyumba, na lau angetaka kuzichora zote karatasi ingemshinda. Nyumba za raia alizifanya ndogo, zenye kufanana, zikajaza nafasi kwa safu. Lakini Aya Sofya, misikiti mikubwa, kuta za mji na mnara wa Galata alivipa kila kimoja umbo lake. Machache yalisemwa kwa ukamilifu, mengi yakaashiriwa tu. Wahenga wetu walisema, mtaka yote hukosa yote.

Tuichukue njia hiyo tuilete kwetu. Kama zilivyo amali zetu nyingine, mchoro huanza na nia. Kabla ya kushika penseli, mtoto na ajiulize: ni kitu gani kilichonisimamisha hapa? Huenda ni mnara mweupe wa Msikiti wa Mandhry, unaopungua unene kadiri unavyopanda. Huenda ni roshani moja ya mbao, au mlango wa nakshi. Kitu hicho kimoja ndicho bwana wa mchoro, na vilivyobaki vyote ni watumishi wake.

Kisha akate tundu la mstatili, ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, katika kipande cha boksi, atazame mtaa kupitia humo. Akilisogeza boksi karibu na jicho ataona mengi, na akilisogeza mbali ataona machache. Kisichoingia tunduni hakimhusu.

Hatua ya tatu ni kufumba macho nusu. Mapambo hutoweka, yakabaki maumbo makubwa ya mwanga na kivuli. Wakati wa alasiri, katika vichochoro vyetu vyembamba, mara nyingi ukuta mmoja huwa juani na wa pili kivulini. Basi mtaa mzima, pamoja na zogo lake, umegeuka vitu vinne: utepe wa mbingu, ukuta mweupe, ukuta mweusi na ardhi. Avichore hivyo vinne kwanza kwa mistari miepesi, akitumia rangi tatu tu: weupe wa karatasi, kijivu na weusi. Vikikaa sawa, mtaa umeshasimama hata kabla ya dirisha la kwanza.

Mapambo huja mwisho, nayo huwekwa karibu na kile kitu kimoja kilichokusudiwa. Dirisha moja lichorwe na fito zake, na mengine yawe alama za kivuli. Nakshi za mlango zichorwe vizuri pembeni pamoja, na jicho la mtazamaji litamalizia zilizobaki. Nyaya za umeme, vibao vya maduka na tuktuk zilizoegeshwa zaweza kuachwa.

Huenda mzazi akauliza: je, kuacha si uongo? La. Anayefupisha habari bila ya kugeuza maana yake hajasema uongo. Uongo ungekuwa kuuhamisha mnara kutoka mahali pake kisha kudai kwamba ndivyo ulivyo.

Na katika kuacha huko mna adabu iliyo kubwa kuliko sanaa. Mtaa si mawe matupu, bali ni majumba ya watu. Surat al-Hujurat imetukataza kupelelezana, na Surat an-Nur imetufunza kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za wengine. Wajenzi wa Lamu waliyafahamu haya: waliweka daka nje na tekani ndani, na njia ikapinda ili macho ya mpita njia yasifike uani. Je, penseli ya mwanetu ifichue kile ambacho ukuta ulijengwa kukisitiri? Binti anayechora akiwa dirishani au juu ya dari kwao na afundishwe kwamba nguo zilizoanikwa kwa jirani, mlango uliosahauliwa wazi, na mama aliyeketi uani mwake, vyote hivyo haviingii karatasini. Mlango uliokuwa wazi na auchore umefungwa, nao utapendeza zaidi kwa nakshi zake.

Akina mama, juma hili mpeni mtoto karatasi moja, penseli moja na kipande cha boksi chenye tundu. Akimaliza, msimuulize kwa nini hakuchora hiki na kile. Muulizeni alichagua nini, na ameacha nini, na kwa nini. Mtoto aliyezoea kulijibu swali hilo juu ya karatasi hatashangaa atakapoulizwa na nafsi yake juu ya maneno ya kusema na ya kunyamazia, na siri za watu za kuhifadhi.

Wabillahi at-tawfiq.