Bastola ya Risasi Kali na Kanuni za Mwendo

Mnamo mwaka 1911 Jeshi la Marekani lilipokea bastola iliyobuniwa na John Browning, ambayo hujipakia yenyewe kila inapofyatuliwa. Tangu hapo mafundi wengi wa silaha nchini humo wamekuwa wakiiunda upya bastola hiyo kwa mahitaji maalumu, na baadhi yao wamejaribu kuitumia kwa risasi yenye nguvu kupita ile iliyokusudiwa na mbunifu. Kazi hiyo hudhaniwa kuwa ni ya kubadili mtutu tu. Kumbe ni hesabu ya kanuni za mwendo, na anayekosea hesabu hiyo huhatarisha mkono na macho ya mpigaji.

Risasi ina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe, fataki, baruti, na kichwa kinachoruka. Fataki inapogongwa, baruti huwaka na kutoa gesi yenye kanieneo kubwa mno. Gesi hiyo husukuma kichwa mbele na, kwa mujibu wa kanuni ya tatu ya Newton, husukuma ganda nyuma kwa kani iliyo sawa. Ganda nalo hukisukuma kitelezi, yaani kipande kizito cha chuma kilicho juu ya bastola. Kitelezi kikirudi nyuma hutupa ganda tupu. Springi ikikirudisha mbele, huingiza risasi mpya.

Ugumu uko katika wakati. Kichwa hupita ndani ya mtutu kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo ganda halina budi kubaki ndani ya chumba chake, kwa maana kuta zake ni nyembamba na haziwezi kuizuia gesi zikikosa chuma cha kuzishikilia. Ganda likitoka mapema hupasuka, na gesi ya moto huchomoza karibu na uso wa mpigaji. Ndiyo sababu Browning aliufunga mtutu na kitelezi pamoja kwa meno ya chuma. Viwili hivyo hurudi nyuma pamoja kwa milimita chache. Kisha, kichwa kikiwa kimekwisha toka na kanieneo imeshuka, sehemu ya nyuma ya mtutu huvutwa chini, meno huachana, na kitelezi huendelea na safari peke yake.

Risasi ya asili ya bastola hiyo ina kichwa cha gramu 15 hivi, kiendacho mita 255 kwa sekunde. Kanieneo ya juu inayoruhusiwa ndani yake hukaribia mara 1,400 ya kanieneo ya hewa. Mwaka 1983 kiwanda cha Norma cha Sweden kilianza kutengeneza risasi mpya ya milimita 10. Kichwa chake kilikuwa na gramu 13, kikienda karibu mita 365 kwa sekunde, na kanieneo yake ya juu hufikia mara 2,500 hivi ya ile ya hewa.

Momenta ni zao la masi na kasi. Kwa risasi ya kwanza zao hilo ni 3.8, na kwa ya pili ni 4.75, katika vipimo vya kilogramu na mita kwa sekunde. Ongezeko hilo ni robo tu, na kwa mtazamo wa haraka laonekana dogo. Lakini momenta hiyohiyo hupewa mtutu na kitelezi kuelekea nyuma. Tuseme vyote viwili vina masi ya nusu kilogramu, na momenta ya gesi yenyewe iwekwe kando. Nishati ya mwendo hupatikana kwa kugawa mraba wa momenta kwa masi maradufu. Risasi ya kwanza itatoa jouli 14 na nusu, na ya pili jouli 22 na nusu. Momenta imeongezeka kwa robo, lakini nishati inayokwenda kugonga kiunzi cha bastola imeongezeka kwa zaidi ya nusu.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kiwanda cha Colt kilipotoa bastola ya risasi hiyo mwaka 1987, kwa kufuata umbo la ile ya 1911, baadhi ya zile za mwanzo zilipata nyufa katika sehemu nyembamba ya kiunzi.

Fundi stadi ana njia kadhaa za kukabiliana na tatizo hilo, na kila moja ina gharama yake. Akiweka springi ngumu, pigo la nyuma hupungua, lakini kitelezi hurudi mbele kwa kishindo. Na risasi dhaifu ikitumiwa, huenda kisifike mwisho wa safari yake. Akiongeza masi, nishati hupungua, lakini bastola huwa nzito mkononi. Hata akichagua chuma bora zaidi, hana budi kukipima kabla ya kukiamini. Kwa ajili hiyo ziko nyumba za majaribio, kama ile ya Birmingham, Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1813, ambako silaha hupigwa risasi zenye kanieneo kupita ya kawaida kabla ya kuruhusiwa kuuzwa. Huko Marekani nako, tangu sheria ya mwaka 1968, mtu hawezi kufanya biashara ya kutengeneza silaha pasipo leseni ya serikali kuu.

Mwanafunzi aweza kuirudia hesabu hii kwa masi ya kilogramu 0.6 badala ya 0.5. Ataona kwamba nishati hushuka hadi karibu jouli 19, ilhali momenta haikubadilika hata kidogo. Kanuni hiyo haihusu silaha peke yake. Nyundo, breki za gari moshi na pistoni za injini zote huitii, na katika kila mashine sehemu moja ikiongezewa nguvu, sehemu zote zinazopokea nguvu hiyo hazina budi kukadiriwa upya.